Union Terrace Gardens, Aberdeen: usiishie kuchungulia tu

Wengi wakifika Aberdeen, Scotland, wanapita Union Street, wanachungulia chini pale darajani, selfi moja, basi wanasema bustani wameiona. Hujaiona bana. Iko bondeni kabisa, imeshuka kwa matuta kama mashamba ya Lushoto, na utamu wake uko huko chini.

Ukitoka stesheni ya treni pandisha Bridge Street mpaka mwisho, vuka barabara, ukiona sanamu la mfalme Edward VII ujue umefika. Kiingilio hakuna, ni bustani ya wote tangu 1879. Ila usishuke kwanza, ambaa na Union Terrace kwa juu, utampita mshairi Robert Burns kasimama na kiua chake mkononi (hicho kiua kimeshaibiwa mara kibao eti), nenda mpaka kule mwisho uone majengo matatu yamepangana, maktaba, kanisa lenye kuba na ukumbi wa tamthilia, wenyeji wanayaita Elimu, Wokovu na Laana, ukumbi ndo Laana hahaha.

Sasa ndo ushuke, taratibu, ukirudi kuelekea darajani, maana ukishuka kwa upande huu Union Bridge inakuja mbele yako inazidi kukua, na lile tao lake la mawe ya granite ambalo ukiwa juu unalikanyaga tu bila kujua lipo. Mvua ikikatika na jua likapiga, granite inametameta. Ila inateleza, vaa raba zenye meno.

Na ujue nusura ifukiwe hii. Tajiri mmoja wa mafuta aliahidi pauni milioni 50 ijengwe kitu kingine juu yake, 2012 wenyeji wakapiga kura na mradi ukashinda kwa kura chache, alafu madiwani wakaukataa mwaka huohuo! Badala yake ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2022.

Muda: Desemba saa tisa na nusu alasiri giza linaingia, nenda mchana. Juni hata saa nne usiku bado unaona. Koti beba miezi yote, upepo wa bahari ule hauna adabu.

Msosi kula kabla hujashuka. Shakwe wa Aberdeen ni wakubwa kama kuku na hawaogopi mtu, mimi sambusa yangu niliing'ata mara moja tu.