Kabla hujakodi duka Deira: hesabu za kufungua biashara Dubai

Anayetaka kufungua biashara Dubai huanza kwa kuuliza leseni ni bei gani, na mawakala wanalijua hilo. Matangazo yao yote yana neno "kuanzia". Binamu yangu alikuja na hesabu iliyojengwa juu ya neno hilo: pesa ya leseni, tiketi, kodi ya miezi mitatu na mzigo wa kwanza. Leseni aliipata ndani ya siku chache. Akaunti ya benki ya kampuni ilimchukua miezi miwili, na katika miezi hiyo alikula mtaji wake wa mzigo. Pesa ya kufungua alikuwa nayo. Pesa ya kusubiri ndiyo hakuwa nayo. Ukitaka kuja, fanya hesabu ya kufika mwaka wa pili, maana leseni hulipiwa upya kila mwaka, na kodi vilevile.

Kwanza amua utauza nini na utamuuzia nani, kwa sababu hapo ndipo aina ya leseni inapopatikana. Kuna leseni ya mji, inayotolewa na idara ya uchumi ya Dubai, na kuna leseni za kanda huru, yaani maeneo maalumu yenye mamlaka na kanuni zake za biashara. Ya kanda huru mara nyingi ni nafuu, na inamfaa mtu anayenunua China na kupeleka mzigo Dar es Salaam au Lubumbashi bila kuhitaji duka la rejareja. Lakini haikuruhusu kufungua mlango Naif, mtaa wa maduka ndani ya Deira, na kumuuzia mpita njia, isipokuwa upate kibali cha ziada. Nimewaona watu wakinunua leseni nafuu, halafu wanalipia nyingine miezi sita baadaye. Na ukisikia kwamba lazima umlipe kafili, yaani mdhamini mwenyeji, kila mwaka, uliza kwa nini: tangu Juni 2021 biashara nyingi za mjini mgeni anaweza kuzimiliki kwa asilimia 100. Ushauri wa zamani bado unazunguka, na unagharimu.

Kodi ya pango ndiyo inayotuchanganya zaidi sisi tunaotoka Kariakoo au Eastleigh. Hapa bei hutajwa kwa mwaka, nawe unalipa kwa hundi zenye tarehe za mbele, moja hadi nne au zaidi kadiri mtakavyokubaliana. Kadiri hundi zinavyokuwa chache, ndivyo mwenye nyumba anavyolegeza bei. Chukua duka la dirhamu 60,000 kwa mwaka, tarakimu niliyoichagua kwa ajili ya hesabu tu, kwa hundi nne. Hundi ya kwanza ni 15,000. Pango la biashara lina VAT ya asilimia 5, kwa hiyo kwa mwaka ni 3,000 zaidi, na wengi huidai mapema. Dalali akichukua asilimia 5, ni 3,000. Amana ya mwenye nyumba ikiwa asilimia 5, ni 3,000 nyingine. Jumla ni dirhamu 24,000 kabla hujapiga hata rafu moja ukutani, na bado hujalipia usajili wa mkataba kwenye Ejari (mfumo wa serikali wa mikataba ya pango), amana ya umeme na maji, wala bango la dukani. Duka likiwa mahali penye wateja, mpangaji anayetoka anaweza kudai kilemba, yaani malipo ya kukuachia duka. Mwombe aseme kwa maandishi pesa hiyo inalipia nini, na mwenye nyumba awe anajua.

Hundi hizo uziheshimu. Tangu Januari 2022 hundi iliyokosa salio haileti kesi ya jinai moja kwa moja kama zamani, ila anayekudai anaweza kwenda nayo kwenye mahakama ya utekelezaji bila kufungua kesi ndefu. Ukitia saini hundi ya mwezi wa saba, pesa ya mwezi wa saba ihesabu leo.

Sasa ugeuze yote kwa shilingi. Dirhamu imefungwa kwenye dola: dola 1 ni dirhamu 3.6725. Kwa hiyo shilingi ikishuka mbele ya dola, kodi yako ya Deira inapanda ingawa mwenye nyumba hajaongeza kitu. Zile 24,000 ni dola 6,535 hivi. Kwa dola ya shilingi 2,500 za Tanzania ni milioni 16.3, na kwa dola ya 2,700 ni milioni 17.6. Wakenya waliokuwa na hundi mwanzoni mwa 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160, wanalielewa hili bila kuelezwa. Pesa ya mwaka wa kwanza ibadilishe mapema kadiri unavyoweza.

Viza ina gharama zake ndogondogo zinazojumlishana: kadi ya uhamiaji ya kampuni, kipimo cha afya, kitambulisho cha Emirates, bima ya afya ambayo ni lazima. Idadi ya viza unazoweza kupata inategemea pia ukubwa wa ofisi, kwa hiyo kichumba cha bei ndogo kinaweza kukunyima mfanyakazi wa pili. Ukimleta kijana kutoka nyumbani, gharama ya viza na kibali chake cha kazi ni yako kisheria, usimkate kwenye mshahara. Akimaliza mwaka mmoja ameanza kustahili kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Weka kidogo kila mwezi kwenye fungu lake.

Benki nayo hailazimiki kukufungulia akaunti kwa sababu tu una leseni. Wataulizia chanzo cha pesa, taarifa za benki za nyumbani, wateja wako ni akina nani. Njoo na taarifa za miezi sita, leseni ya biashara ya nyumbani na ankara za kweli za wauzaji wako. Uliza pia kiasi cha chini kinachopaswa kubaki kwenye akaunti, kwa sababu hiyo ni pesa yako usiyoweza kununulia mzigo. Kama mmiliki wa kampuni mpya ni kampuni yako ya Tanzania, nyaraka zake zitapita kwa wakili, Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Falme za Kiarabu, kisha zitafsiriwe Kiarabu. Fanya hayo ukiwa bado nyumbani.

Habari kwamba Dubai haina kodi ni ya zamani. Tangu Juni 2023 kampuni hulipa asilimia 9 kwenye faida inayozidi dirhamu 375,000. Usajili wa VAT nao unakuwa lazima mauzo ya mwaka yakizidi dirhamu 375,000. Tarakimu moja, mambo mawili: moja ni faida, nyingine ni mauzo. Hata ambaye hatalipa kitu anatakiwa kujisajili kwa kodi ya kampuni, na faini ya kuchelewa ni dirhamu 10,000. Mhasibu wa kukutunzia hesabu mweke kwenye bajeti tangu mwezi wa kwanza.

La mwisho watu hawalipendi, nami nalisisitiza: tenga pesa ya kufunga. Leseni hufutwa kwa utaratibu, viza zote zikifutwa kabla, na kampuni yenye ukomo wa dhima huhitaji mfilisi. Binamu yangu alinusurika mwaka wa kwanza, lakini jirani yake wa duka la pili aliishiwa, akapanda ndege bila kufuta kitu. Faini ziliendelea kuhesabika kwa jina lake.