Paneli ya geji yenye madoa ya duara kwa Ford ya 1932

Chukua bamba la alumini la milimita 2. Jembamba zaidi hupinda ukikaza nati za geji. Kata kiolezo cha kadibodi kwanza, ukijaribu kwenye dashibodi: spidomita huhitaji tundu la milimita 86 hivi, geji ndogo milimita 52. Pima geji zako mwenyewe kabla ya kutoboa.

Madoa, yaani miduara inayong'aa ya kukwaruza bamba, huchorwa kabla ya matundu, kwani kijiti cha kuchorea kikifika ukingoni mwa tundu huyumba na kuchafua mchoro. Funga kijiti cha mbao cha milimita 12 kwenye drili ya mezani. Paka bamba mafuta mepesi na dawa ya kusagia valvu (uji wenye chembe za kukwaruza), kisha shusha kijiti kwa sekunde mbili au tatu. Sogeza bamba milimita 6, rudia. Kila doa lifunike nusu ya lililotangulia, na kila mstari uanzie upande uleule. Ukigeuza mwelekeo, mng'ao hubadilika na kosa huonekana hata kwa mbali. Ongoza bamba kwa ubao ulionyooka, usitegemee jicho. Ncha ya kijiti ikichakaa, ikate upya.

Funika uso kwa utepe wa karatasi, ndipo utoboe kwa mwendo wa polepole ukitia mafuta ya taa. Safisha grisi yote kabla ya kupaka vanishi, la sivyo itabanduka.

Vanishi huzuia umeme, kwa hiyo vuta waya wa ethi (wa kurudisha umeme) kutoka kila geji hadi bodi ya gari. Bila hivyo mishale hudanganya.