Jinsi ya kufundisha maigizo ili kila mtoto apate nafasi (walimu wa Mtwara na Lindi)

Walimu wenzangu wa huku kusini, ukiangalia maigizo mengi ya shule, mwenye Kiswahili kilichonyooka ndo mfalme, mwenye lafudhi ya Kimakonde ni mlinzi wa kuchekesha watu, msichana ni mke wa mtu, na mtoto mwenye ulemavu kama hajapewa kuigiza ombaomba basi kaambiwa akae pembeni aangalie. Igizo linaweza kuhubiri upendo mwanzo mwisho, lakini kwenye kugawa nafasi watoto washajifunza kitu kingine kabisa. Kwa hiyo anzia hapo.

Usigawe nafasi siku ya kwanza. Anza na mazoezi yasiyo na maneno, mi napenda sana la kioo: wawili wanatazamana, mmoja anasogeza mkono taratibu mwenzie anafuata, af wanabadilishana anayeongoza. Mtoto kiziwi hapa anang'aa maana kazoea kusoma uso na mwili, na wenzie wanaona wenyewe bila wewe kutoa hotuba.

Baadae wacha kila mmoja ajaribu kila mhusika, msichana awe mfalme, yule mwenye lafudhi mpe hakimu. Darasa likicheka usigombe, simamisha tu uwaulize, "Hakimu kasema nini?" Wairudie ile hukumu neno kwa neno, mkosaji kapewa adhabu gani na kwa nini. Wakirudia mara mbili tatu utaona wameanza kumsikiliza yeye na sio lafudhi.

Lugha nayo, waache watunge kwanza kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua halafu wenyewe wageuze Kiswahili. Wape tukio wanalolijua wote, mfano mzozo kwenye mizani ya korosho, mkulima anabisha kilo na karani hataki kumsikiliza, yani hapo hata mtoto anayeonekana mzito darasani maneno yanamwagika.

Mtoto mwenye ualbino fanyeni mazoezi asubuhi au jioni kivulini, avae kofia pana na mikono mirefu, na kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu mwandikie sehemu yake kwa herufi kubwa nyeusi. Majina ya kejeli piga marufuku hata ndani ya igizo, na usimpe nafasi ya mtu anayewindwa eti kwa sababu anafanana nayo, mwache achague mwenyewe. Kama kuna wa baiskeli ya magurudumu msichezee kwenye mchanga, tafuteni ardhi ngumu na watazamaji wakae duara.

Kuhusu mapiko, yale maigizo ya barakoa ya Wamakonde, najua inatamanisha kuyaingiza, ila yana miiko yake pamoja na mambo ya jando na unyago, waulize wazee kwanza, na kama hawataki watoto watengeneze barakoa zao za maboksi.

Kwa mambo mazito kama kumtenga mwenzao aliyetokea Msumbiji, tumia njia ya Augusto Boal, mwanamaigizo wa Brazili: onyesho linachezwa hadi linapoishia vibaya, mnalirudia, mtazamaji anapaza sauti "Simama!" anaingia yeye kujaribu njia nyingine. Aingie nafasi ya anayeonewa au ya aliyekaa kimya, asichukue nafasi ya mwonevu, maana mwonevu akiwa mwema ghafla hakuna kilichotatuliwa. Na sio kitu kigeni kwetu, mradi wa TUSEME ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 uliwafanya wasichana wa sekondari watumie sanaa za maonyesho kusema wenyewe yanayowakwamisha shuleni.

Msimu wa korosho ukianza, kama Oktoba hivi, mahudhurio yanayumba, sa kila nafasi weka watoto wawili wanaopokezana, akirudi wa shambani asikute nafasi yake imechukuliwa moja kwa moja.