Spana nne kwanza, seti baadaye
Mafundi wenzangu wa Kisumu, msivutwe na seti kubwa inayong'aa. Gari nyingi tunazopokea ni Toyota, na kazi kubwa inafanywa na spana za milimita 10, 12, 14 na 17. Hizo nne nunua za chapa nzuri, hata moja moja, zingine zitasubiri. Soketi, ile spana ya kikombe inayofunika nati, chukua ya pembe sita, si kumi na mbili. Inakamata nati kwenye bapa zake, kwa hiyo hata yenye kutu hailiki pembe kwa urahisi. Mimi niliwahi kula pembe za bolti ya breki kwa soketi ya bei rahisi, nikashinda mchana mzima na patasi, mwenye gari amesimama pale. Maandishi ya Chrome Vanadium (aina ya chuma kigumu) pekee hayatoshi, hata feki wanayapiga. Muulize muuzaji kama atakubadilishia ikipasuka.