Makosa ndani ya maktaba ya C ya hesabu: mwache mwenye programu aamue

Mfano wetu ni maktaba ndogo ya kupwa na kujaa. Inapokea vipimo vya usawa wa maji vya kila saa, tuseme vya bandari ya Mkoani, Pemba, kisha inatafuta ukubwa wa mawimbi mawili ya kupwa na kujaa: M2 ya mwezi (mzunguko wa saa 12.42) na S2 ya jua (saa 12 kamili). Atakayeiita anaweza kuwa mtu anayechora grafu mezani au programu inayokesha peke yake kwenye seva. Kwa hivyo ndani yake msiwe na `exit()`, `abort()` wala `printf()`.

Hatua ya 1. Rudisha hali, jibu lipite kwenye pointa

```c
typedef enum {
  BM_KUMBUKUMBU = -2,
  BM_DATA_MBAYA = -1,
  BM_SAWA = 0,
  BM_DATA_FUPI = 1
} bm_hali;
```

Hasi ni kosa, jibu halijaguswa. Chanya ni onyo: jibu lipo, ila litazamwe. Usirudishe jibu lenyewe huku -1 ikiwa alama ya kosa. Ukipima kutoka usawa wa wastani wa bahari, mita -1 ni maji yaliyokupwa tu.

Hatua ya 2. Kishika kosa (funksheni ya mwenye programu inayoitwa kosa likitokea) kiwe ndani ya muktadha

```c
typedef struct {
  void (*kishika)(bm_hali, const char *sababu, void *mzigo);
  void *mzigo;
} bm_muktadha;
```

Kishika kikiwa NULL, maktaba inyamaze na irudishe hali basi. GSL (maktaba ya hesabu ya GNU) imekiweka kwenye variable moja ya programu nzima, na kile cha asili huita `abort()`. Ndiyo maana wengi huanza na `gsl_set_error_handler_off()`. Variable moja ya wote ni balaa: thredi mbili, au maktaba mbili zinazotumia GSL, zinanyang'anyana.

Hatua ya 3. Safisha kwanza, ita kishika baadaye

Mwenye programu ana haki ya kuruka kwa `longjmp` kutoka ndani ya kishika, bila kurudi kwenye funksheni yako. Akiruka, `free()` zako zilizo chini hazifikiwi. Peleka njia zote za makosa kwenye `goto safisha`, achia kumbukumbu, halafu ndipo umwite kishika. Makro zenye `return` iliyofichwa ndani yake ziache. Huvujisha kumbukumbu bila kuonekana.

Hatua ya 4. Hesabu iliyofaulu lakini jibu halifai

Hapa ndipo siku nzima hupotea. Tuseme milinganyo ya M2 na S2 unaitatua kwa `dgesv` ya LAPACK (maktaba ya aljebra ya mstari), inayoigawa matriksi kuwa L na U. Ikirudisha `info` chanya, maana yake imekutana na sifuri kamili kwenye ulalo (diagonal) wa U. Matriksi inayokaribia tu kukosa suluhisho hupita na `info` 0.

Sasa mpe data ya siku 5, yaani vipimo 120. Hakuna kitakacholalamika, hata makadirio ya `dgecon` (kipimo cha jinsi matriksi ilivyo karibu na kukosa suluhisho) yanaweza kuonekana mazuri, na namba zitatoka. Lakini M2 na S2 zinaweza kugawana nguvu ovyo, na kelele ya kipimo itazisogeza zaidi kuliko kwenye data ndefu. Mvuvi anaijua sababu: mawimbi haya mawili yakienda pamoja ni bamvua, yakipingana ni maji mafu, na kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14.77. Data isiyofika hapo haijaona mzunguko mzima wa tofauti yao. 

Kwa hivyo angalia urefu kabla ya kuigusa matriksi (siku 14.77 ni karibu saa 355):

```c
if (saa_mwisho - saa_mwanzo < 355.0)
    hali = BM_DATA_FUPI;
```

Tumia muda, si idadi ya vipimo, kwa sababu kipima maji kikizimika idadi hudanganya. Na liwe onyo, lisiwe kosa: anayejua uwiano wa M2 na S2 wa bandari jirani anaweza kulitumia jibu hilo vizuri tu. Kulikataza si kazi ya maktaba.

Pengo lenye -9999, namba inayowekwa pale kipimo kilipokosekana, ni jambo jengine. Hilo ni `BM_DATA_MBAYA`, pamoja na NaN (thamani isiyo namba).

Hatua ya 5. Kompaili

`-O2 -Wall -Wextra`. Usitumie `-Ofast` wala `-ffast-math` kwenye GCC: kompaila hudhani NaN haipo, na `isnan()` yako yaweza kufutwa kimyakimya. Jaribu kwa faili tatu: ya siku 30, ya siku 5, na yenye NaN katikati. Ya tatu ikirudisha 0, rudi kwenye chaguo za kompaila ndani ya Makefile kwanza kabla ya kuitilia shaka kodi.