Shingo ya juu ikiumia kwenye ajali: usiivute, fanya hivi

Boda ikigonga hapa kwetu watu wanakimbia fasta, mmoja anashika miguu mwingine mikono, jamaa anatupwa kwenye boda ingine katikati ya watu wawili haoo hospitali. Nia nzuri, ila kama ameumia pale fuvu linapokaa juu ya shingo hiyo safari yenyewe inaweza kummaliza.

Pale juu kuna pingili mbili, ya kwanza inabeba kichwa na ya pili ina kijino ambacho kichwa kinazungukia, na kilichozishikilia zaidi ni ligamenti (zile kamba ngumu zinazounganisha mifupa), sio mifupa. Neva za kupumua zinatoka pingili ya 3 mpaka ya 5 kwa hiyo uti wa mgongo, ule uzi wa neva unaopita ndani ya pingili, ukibanwa juu ya hapo pumzi inakata. Mshuku mtu yeyote aliyerushwa na gari au boda, aliyedondoka kwenye mfenesi, aliyeangukia kichwa, hasa akilia na maumivu chini ya kisogo au mikono inamfa ganzi. Mzee wa miaka 65 kwenda juu hata akiteleza tu bafuni, mshuku. Akiwa amelewa usiamini anavyosema haumwi.

Sasa fanya hivi. Mtu mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili kama kilivyo na asikiachie. Usikivute, usijaribu kukinyoosha kwa nguvu, na helmeti iache isipokuwa hapumui. Akikoroma sukuma taya mbele bila kupindisha kichwa nyuma, na kama hapumui kabisa basi pumzi kwanza shingo baadaye. Kumhamisha mnamgeuza kama gogo, watu wanne hivi, anayeshika kichwa ndio anahesabu, halafu kwenye ubao au mlango na nguo zilizokunjwa pembeni ya kichwa, mnapanda pikapu dereva aende taratibu. Na ile kola laini ya sponji inayouzwa famasi haizuii kitu jamani.

Hospitali ombeni CT, ile picha ya kina ya kompyuta, ya shingo nzima kuanzia chini ya fuvu. Eksirei ya kawaida inakosa majeraha mengi ya hapo juu, kwa hiyo kuambiwa eksirei ni safi nendeni nyumbani wakati mtu hawezi kugeuza shingo, mimi sikubali. MRI, picha ya mashine ya sumaku, inaonyesha ligamenti na uti, na kama mfupa umepasuka karibu na mshipa wa damu wa shingo wanaangalia na huo mshipa.

Matibabu yanategemea nini kimeharibika. Mfupa uliovunjika bila kuhama sana mara nyingi unaunga wenyewe ndani ya kola ngumu au halo, ile pete ya chuma inayofungwa kwenye fuvu kwa skrubu na kushikwa na fulana ngumu, wiki 8 mpaka 12 hivi. Ligamenti zikikatika ni stori nyingine, kwa mtu mzima haziungi vizuri, kwa hiyo wanafunga pingili kwa skrubu na vyuma. Wakifunga ya kwanza na ya pili unapoteza karibu nusu ya kugeuza shingo, lakini unaishi. Fuvu likiachana na shingo usiruhusu wafunge uzito wa kuvuta kichwa kabla daktari wa upasuaji hajaiona CT, maana kuvuta kunazidi kuachanisha, na huyo mwungaji mifupa wa kijijini anayenyonga shingo ndio kabisa asiiguse.

Wodini sisi ndugu ndio tunauguza, musawo (daktari) anapita tu, kwa hiyo mgeuzeni kila baada ya saa mbili mkiwa na mtu wa kushika kichwa asitoke vidonda, chakula kidogo kidogo anaweza kupaliwa. Halo isafishwe kwenye skrubu kila siku, skrubu ikilegea au ikitoa usaha mrudisheni siku hiyohiyo, na msimnyanyue kwa vile vyuma. Sigara aache, inachelewesha mfupa. Kola asivue kwa sababu maumivu yameisha, avue pale daktari akishapiga picha tena na kuona mfupa umeshika.