Pima Hesi za Plagi Mpya Kabla ya Kuifunga

Unapobadilisha plagi za gari mwenyewe, usiridhike na kauli ya muuza spea kwamba "hii inaingia", kwa sababu plagi nyingi zina kipenyo kilekile cha milimita 14, na hivyo isiyo ya injini yako inaweza kuingia na kukaza vizuri huku kasoro ikiwa ndani, mahali usipopaona. Laza plagi mpya kando ya ile ya zamani, kisha pima kwa rula urefu wa sehemu yenye hesi (ile mikato ya kuzungusha kama ya skrubu), kwani zipo za milimita 19 na zipo za 26.5. Iliyo ndefu kupita kiasi hujitokeza ndani ya silinda na huweza kugongwa na pistoni. Fupi nayo huacha hesi za mwisho za silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini, plagi inapofungwa) zikiwa wazi, zikajaa masizi, na siku utakapofunga plagi sahihi itakwama kabla ya kufika mwisho. Hilo la pili limewahi kunipotezea Jumamosi nzima. Tena hakikisha namba ya plagi katika kitabu cha gari, maana hata hiyo ya zamani huenda ilifungwa kimakosa na fundi aliyekutangulia.

Mizunguko ya kwanza izungushe kwa vidole, injini ikiwa imepoa. Kama tundu liko chini sana, chomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa cha plagi ukitumie kama mpini. Ikikwama, itoe uanze upya, wala usiilazimishe kwa spana, kwa kuwa silinda hedi nyingi ni za alumini, na hesi zake huchubuka upesi.